Mistari Mitupu ya Ijumaa

Jumatatu, 31 Julai 1972

Daftari la zamani limejaa jana. Leo naanza hili. Mkono wangu haujui kuanza kuandika bila salamu, basi hujambo, daftari? Umeshindaje huko dukani? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mafua. Baridi ya huku mlimani Mbeya mwaka huu haina huruma. Asubuhi majani yote meupe, umande umeganda.

Kituoni saa moja kamili. Mtambo unagonga vizuri. Nimebadilisha filamu. Nimepima picha zote za mchana, nimeandika kitabuni. Saa sita mwangwi umerudi kutoka kilometa mia tatu na kumi. Wimbi la juu kabisa lililorudi, megasaiko tisa na nusu. Kawaida.

Mwaka wa nne sasa napima kitu ambacho sijakiona. Nijiandikie tena alivyonieleza Injinia Shayo, mkubwa wangu wa kazi aliyeko Dar es Salaam, maana jana nimeulizwa kanisani nikapotea katikati ya maelezo yangu mwenyewe. Rada yetu haitafuti ndege. Inatazama juu, wima. Inatupa mawimbi ya redio, inangoja yarudi. Yanarudi kwa sababu kule juu sana jua linaipiga hewa mpaka inavunjika vipande vyenye umeme. Hewa hiyo iliyovunjika wanaiita plazma. Wimbi likiikuta, linageuka. Kwenye kioo unatokea mstari wa mwanga, kamera inaupiga picha, mimi naupima kwa rula. Basi, hiyo ndiyo kazi.

Hewa iliyo nzima hairudishi kitu. Iliyovunjika ndiyo inayojibu. Hapo akili yangu hukwama. Nimemwuliza injinia mara mbili na mara zote mbili nimeitikia kwa kichwa bila kuelewa.

Mke wangu, Mama Tumaini, bado yuko kwao Ilula. Wiki ya tatu. Alikwenda msiba wa shangazi yake, tumbo likamshikia hukohuko. Binti yetu Tumaini amemfuata kumwuguza. Nyumba kimya. Nimeunguza ugali.


Jumanne, 1 Agosti

Asajile kapiga simu saa tatu na nusu kama kila siku. Huyu ndiye fundi wa simu ya upepo pale misheni, chini bondeni. Anaongea na hospitali za misheni za Iringa na Chunya kwa redio, na redio yake inategemea hiyohiyo plazma yangu. Sauti yake inapanda, inagonga juu, inashukia Iringa. Kwa hiyo kila asubuhi anazungusha mkono wa simu ya kawaida na kuniuliza, "Mzee wa Mbinguni, huko juu kukoje leo?" Namsomea kitabu, namwambia atumie megasaiko ngapi. Hiyo ndiyo faida pekee ya kazi yangu ninayoweza kumwonyesha mtu.

Hunitania sana. Husema nimeajiriwa kubisha hodi kwa Mungu kila baada ya robo saa, na siku moja nitafunguliwa nikose la kusema.

Leo hakutania. Alisema Iringa wana habari yangu. Mama Tumaini ametolewa Ilula, kalazwa hospitali ya misheni, ng'ambo ya mji wa Iringa. Uvimbe tumboni. Daktari atampima vizuri, nisubiri Alhamisi.

Nimekaa na mkono kwenye simu hata baada ya kukatika.


Jumatano, 2 Agosti

Kazi. Kawaida. Nimesali asubuhi, mchana, jioni. Maneno yaleyale. Nimechoka nayo hata mimi.


Alhamisi, 3 Agosti

Niliomba ruhusa kwa mlinzi, kama ni ruhusa hiyo, nikashuka misheni kwa baiskeli. Saa nne Asajile akawapata Iringa. Sauti ya daktari ilikuja kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ni mama wa Kizungu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu.

Alisema hivi. Uvimbe uko kwenye kizazi. Anavuja damu tangu Jumamosi. Lazima kupasua, na kizazi kitatoka. Akichelewa anaweza kufa. Lakini kwa upasuaji huo, desturi ya hospitali yao ni kusikia neno la mume. Je, nakubali?

Nikasema nipe hadi kesho saa nne, nisali.

Naandika sasa na aibu. Kwa nini sikusema ndiyo palepale? Asajile alinitazama, akainamisha uso akaanza kufuta kioo cha redio ambacho hakikuwa na vumbi.

Sikwenda kusali. Nilikwenda kwa kaka Ambakisye. Ndiye mkubwa wetu tangu baba afe, jambo la nyumba haliamuliwi bila yeye. Nilimkuta anapanga viazi vya mbegu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga. Halafu akasema nikatae. Watoto wetu wa kiume wawili tuliwazika, amebaki Tumaini tu, naye ni wa kuolewa. Mwanamke akitolewa kizazi, kaka alisema, mmefunga mlango na ufunguo mmetupa mtoni. Nikamwambia Mama Tumaini hata hivyo umri umesogea. Akasema bibi yetu alimzaa baba mdogo akiwa na mvi. Nikamwambia atakufa. Akasema madaktari hupenda kisu.

Nikaondoka sijamwitikia, sijamkatalia. Njia nzima nilisukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Mimi ni mzee wa kanisa. Najua la kusema. Nampenda mke wangu. Na bado kuna sehemu ndani yangu ilimsikiliza kaka, ikakaa kitini kabisa, ikasikiliza. Sielewi.


Ijumaa, 4 Agosti

Mungu anisamehe. Naandika kwa mpangilio ili nione nilipopotelea.

Saa tatu kamili mwangwi mzuri. Nimepima, nimeandika. Nilipanga kuondoka saa tatu na nusu nishuke misheni.

Saa tatu na robo mstari kwenye kioo ulikuwa mwembamba, upande wa chini umekatika. Saa tatu na nusu hakuna. Kioo cheusi. Mtambo unagonga, taa zote zinawaka, sindano zote ziko mahali pake, lakini juu hakuna anayejibu.

Nikadhani fyuzi. Nzima. Nikatoka kukagua nyaya za antena kwenye nguzo zote nne. Nzima. Nikabadilisha valvu mbili, zile taa za kioo za ndani ya mtambo. Hakuna. Nikagonga kabati la mtambo kwa kiganja kama mtu anavyogonga redio ya nyumbani. Hakuna. Anga safi, jua linawaka, wala wingu moja. Saa nne kasoro dakika tano.

Jana niliporudi kutoka kwa kaka nilisafisha viungo vya nyaya ili nishughulike. Mawazo yalikuwa mbali. Nikajua nimeharibu. Aliyenitangulia kituo hiki alifukuzwa kwa ajili ya mistari mitupu. Alikuwa akienda kunywa ulanzi, anarudi ameacha muda wa saa tatu au nne bila namba kitabuni. Siku ya kwanza Injinia Shayo alinifungulia kitabu cha mtu huyo akanionyesha mistari ile, akasema, "Mzee, sitaki kuona hii." Sijaisahau.

Basi nikafungua ukurasa wa jana. Nikachukua namba za Alhamisi, saa nne, saa tano na saa sita, nikaziandika kwenye Ijumaa kabla hata saa hizo hazijafika zote. Kwa mwandiko mzuri. Nilibadilisha kilometa kidogo zisifanane.

Wino haujakauka, simu ikalia. Asajile. Alikuwa na haraka. Iringa hawasikiki kabisa, wala Chunya, kumekuwa kama amefungiwa kwenye gunia, na saa nne hiyo imefika, daktari anangoja neno langu. "Huko juu kukoje?"

Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu. Nikasoma.

"Kawaida," nikasema. "Tumia saba."

Akasema basi redio yake ndiyo mgonjwa, ataifungua aone.

Na hili ndilo baya kuliko yote. Nilipoweka simu chini, nilipata nafuu. Kwamba sitaulizwa leo. Kwamba jibu langu limepata kuchelewa na si mimi niliyelichelewesha. Nilisimama pale kituoni, mke wangu anavuja damu Iringa, nikashusha pumzi.

Saa nane mwangwi ulianza kurudi, wa juu kwanza. Sikugusa kitu. Ulirudi wenyewe. Kwa hiyo hakikuwa kiungo changu. Ni nini basi?


Jumamosi, 5 Agosti

Mwangwi upo lakini haueleweki. Umechanika kama pamba iliyochambuliwa. Kilometa hazikai, zinapanda na kushuka. Sijawahi kuona. Nimeandika ninachokiona, nikaweka alama ya kuuliza kila mstari.

Nimeshuka misheni saa nne. Redio ya Asajile iko mezani, vipande. Amefungua kila kitu tangu jana mchana. Katika kufungua, valvu kubwa ya kurushia sauti imemponyoka ikapasuka. Hana nyingine. Ndiyo ya pekee.

Alikuwa anajilaumu. Ananiomba radhi mimi. Anasema, "Ndugu yangu, mimi na mikono yangu hii ya kuchimbia viazi." Nilimwacha ajilaumu mbele yangu muda wa kama nusu saa. Kisha sikuweza tena. Nikamwambia. Kwamba juu kulikuwa kumekufa. Kwamba nilisoma namba za Alhamisi.

Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Aliweka bisibisi mezani polepole.

"Ungeniambia juu kumekufa, ningekunja mikono nikangoja," alisema. "Saa nane tungewapata. Redio haikuwa na ugonjwa wowote."

Baadaye akasema kwenye migodi ya Makongolosi yuko fundi mwenye valvu kama hiyo, atapanda lori la mchana kwenda kuitafuta. Akavaa koti. Mlangoni akageuka akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ni neno gani nililokuwa nimeliandaa kumpa daktari. Nikasema ndilo hilo nililokuwa nikisali. Akaenda.

Nimekimbia posta, nimepeleka simu ya maandishi: NAKUBALI PASUA. Karani akasema itafika mjini Iringa leo, lakini hospitali iko nje ya mji na gari lao huja kuchukua barua Jumatatu.

Basi la leo lilishaondoka alfajiri.


Jumapili, 6 Agosti

Zamu yangu ilikuwa kusoma somo. Nilisimama pale mbele, nikafungua Biblia, nikaifunga, nikarudi kukaa. Mchungaji akasoma mwenyewe. Watu walidhani mafua.

Baada ya ibada nilipanda kituoni. Nikakaa na kitabu. Nilikuwa nimejiambia hakuna atakayejua, maana namba ni nzuri. Halafu nikakumbuka filamu. Kamera ilipiga Ijumaa yote, robo saa kwa robo saa. Filamu haina hofu ya kufukuzwa. Imekaa kwenye kopo lake pale rafuni, nyeusi tupu, inamngoja injinia.

Lakini nisijidanganye. Sikusahihisha kwa sababu ya filamu. Nilisahihisha kwa sababu ya ile valvu mezani.

Nimechukua wino mwekundu. Saa nne, nimekata. Saa tano, nimekata. Saa sita, nimekata. Pembeni nimeandika: Namba hizi niliziandika bila kuona. Hapakuwa na mwangwi tangu saa tatu na nusu mpaka saa nane. Nimetia sahihi.

Nimempa mlinzi ufunguo. Nimemwonyesha namna ya kubadilisha filamu, mara tatu, akaniambia mara ya kwanza alishaelewa. Nimemwachia injinia barua kwamba nimeondoka bila ruhusa. Yeye mwenyewe atajua la kufanya na mimi.

Naandika haya nyuma ya lori la viazi, limesimama Igawa kupoza injini. Mwandiko mbaya. Mbele ya Chimala tulipita ng'ombe wengi mno, Wasukuma wamehamia na mifugo yao, wamejaa barabara nzima. Dereva anapiga honi, wao wanatutazama. Nilitaka kulia kwa ajili ya ng'ombe.


Jumatatu, 7 Agosti

Makambako nililala kwenye benchi la mgahawa. Basi la asubuhi. Mafinga vumbi la barabara mpya. Iringa saa nane. Gari la hospitali lilikuwa posta kweli, limekuja kuchukua barua. Dereva alikuwa ameshika simu yangu ya maandishi mkononi, haijafunguliwa. Nikamwambia ni yangu. Nikapanda nayo.

Yuko hai.

Nimeandika hilo peke yake kwanza.

Amelala upande wa dirisha. Uso umekuwa mdogo. Tumaini alikuwa nje anamchemshia uji, akaniamkia, akarudi kwenye uji wake bila kunitazama usoni.

Tumaini ndiye aliyenisimulia. Ijumaa daktari alikaa kwenye redio tangu saa nne mpaka saa sita. Hakuna sauti. Saa tisa walianza kuzisikia hospitali nyingine, Mbeya kimya. Jumamosi asubuhi wakaita mara tatu. Hospitali nyingine zote zinajibu, Mbeya hakuna. Damu haikatiki. Mama yake alisikia kila mara wakisema, "Mbeya hawajibu." Akafikiri mimi ndiye nisiyejibu. Akafikiri nimekataa na nimeona haya kusema.

Akaomba kalamu. Daktari akasita, lakini mkuu wa wauguzi akasema mama huyu ana akili zake. Mama Tumaini akatia sahihi mwenyewe, jina lake la kuzaliwa, Damari, si jina langu. Tumaini akawa shahidi. Wakampasua Jumamosi mchana, wakati mimi niko posta.


Jumanne, 8 Agosti

Leo anaweza kuongea. Nimemweleza yote. Kioo cheusi, namba za Alhamisi, Asajile, valvu. Kuhusu kaka pia nimemweleza, nusu. Nilisema nilikwenda kumwarifu. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya shuka. Mahali pa Asajile na mikono ya viazi alitabasamu kidogo, halafu akashika tumbo kwa maumivu.

Kisha akauliza. Sauti ndogo, taratibu, Kihehe kimeingia ndani ya Kiswahili chake kama anapokuwa amechoka.

"Baba Tumaini. Ile saa nne, simu ingeshika, ungesema nini?"

"Ningesema ndiyo," nikamjibu.

Upesi mno. Akanitazama. Miaka ishirini na mbili ananijua.

"Haya," akasema. Akageukia dirisha.

Jioni Tumaini akaniambia mama yake akitoka hapa atakwenda kwanza Ilula kwa bibi, mpaka apate nguvu. Muda gani? Hajui. Nikauliza amesema atarudi Mbeya lini. Tumaini akasema, "Baba, muulize mwenyewe." Sikumwuliza.


Alhamisi, 10 Agosti

Nimerudi jana jioni. Leo Injinia Shayo alikuwa kituoni kabla yangu. Land Rover yake mlangoni.

Alikuwa amezikunjua filamu dirishani, anazitazama kwa jua. Hakuja kwa ajili yangu. Amekuja mbio kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Ijumaa. Anasema vituo vyote alivyopata habari zake upande wa mchana wa dunia vilinyamaza saa ileile. Jua lililipuka. Mlipuko mkubwa, yeye hajawahi kuuona wa namna hiyo. Nguvu yake ilipita kule juu ikashuka chini zaidi, ikaivunja hata hewa ya chini ambayo ni nzito. Na plazma ikiwa chini kwenye hewa nzito hairudishi wimbi, inalimeza. Hata la kwenda halifiki juu. Kisha usiku likaja wimbi jingine la mlipuko huohuo, ndilo lililochana mwangwi wa Jumamosi kama pamba.

Kwa hiyo iliyovunjika hujibu, na ikivunjika zaidi humeza. Nimeandika. Sijaelewa, lakini safari hii sikuitikia kwa kichwa. Nikamwambia sijaelewa. Akaeleza tena. Bado. Akacheka, akasema na yeye ilimchukua miaka.

Halafu akafungua kitabu. Wino mwekundu.

Nikamweleza. Mke, simu, kila kitu.

"Mzee," akasema mwishoni, "huo mstari mtupu ndio uliokuwa habari yenyewe. Ukiujaza, unanificha jua zima."

Nikamkumbusha kuhusu kitabu cha aliyenitangulia, na maneno yake ya siku ile. Akaona haya, nilimwona. Akasema alipaswa kueleza vizuri zaidi. Mtu kutokuwepo ni kitu kimoja. Mtu kuwepo, akatazama, akakuta hamna, ni kitu kingine, na kinaandikwa. Nikamwuliza nitajuaje kama mtambo umekufa au juu kumemeza. Akasema nisijue, niandike nilichoona tu, kujua sababu ni kazi ya wengi.

Hakunifukuza. Ameniandikia barua mbili za onyo, moja ya namba za uongo, nyingine ya kuondoka bila ruhusa. Amenipa nisaini zote mbili. Nimesaini. Nimelala mchana huu kama mtu aliyepigwa na kutibiwa siku moja.


Jumapili, 13 Agosti

Nimesoma somo leo. Sauti ilitoka.

Kaka Ambakisye alikuwa kanisani. Tulisalimiana. Akauliza hali ya shemeji yake. Nikasema amepasuliwa, anaendelea vizuri. Nikamwambia na jingine, kwamba nilipeleka simu ya kukubali bila kurudi kwake. Akatazama viatu vyake. Akasema baridi mwaka huu imezidi. Tukaachana hapo.

Asajile amerudi kutoka Makongolosi na valvu kaifunga ndani ya soksi tatu. Redio imepona. Jana aliongea na Iringa, wakasema Mama Tumaini ametoka, amekwenda Ilula, kwa mama yake, barabarani pale wanapouza nyanya. Ananiita tena Mzee wa Mbinguni. Alitaka kupeleka salamu zangu kwa redio, nikasema hapana. Zile salamu zinasikilizwa na misheni nzima kuanzia Chunya. Na nilicho nacho si cha kusikilizwa na watu.

Mchana nimekaa kituoni. Anga safi. Mtambo unagonga. Saa sita, kilometa mia tatu na tano. Kumetulia. Nimeandika barua. Naiweka hapa nakala, ili nisije nikasahau nilisema nini.

"Mama Tumaini, salamu nyingi. Hujambo? Jeraha linafungaje? Msalimie mama. Mimi mzima, mafua yamekwisha.

Uliniuliza ile saa nne ningesema nini, nikakujibu ndiyo. Jibu hilo nalikata kwa wino mwekundu. Niliandika bila kuona. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa kaka kuuliza, si kumwarifu, na saa nne ilipofika sikuwa na neno. Nimetazama ndani mara nyingi tangu siku ile, pale pana mstari mtupu. Jumamosi nilikuwa na neno, nikaliandika posta. Ijumaa sikuwa nalo. Ulifanya vizuri kuomba kalamu.

Sikuombi urudi upesi. Pumzika. Lakini nijibu upesi. Na kama bado huna la kusema, chukua karatasi tupu uitie kwenye bahasha, uitume hivyohivyo. Nitaisoma."